Naomba ushauri: siku moja ya kumtembeza baba kwa gari kwenye milima ya Buha (nchi ya Waha), Kigoma

BintiMuheza

Habari zenu wakuu. Miaka yote humu mimi ni msomaji tu, leo nina jambo langu na nalitaka lifanikiwe.

Baba yangu ana miaka 74. Alizaliwa kambi ya mkonge karibu na Muheza. Babu alikuwa manamba, kibarua wa mkataba: Silabu, ile ofisi ya kuandikisha vibarua wa mkonge, walimchukua Kasulu akiwa kijana, wakampandisha treni Kigoma, akashushwa Morogoro, akamaliziwa kwa lori hadi Tanga. Mkataba ukaisha akaweka mwingine, akaoa, hakurudi tena, na kaburi lake liko Muheza. Baba amekua akiambiwa yeye ni Muha, lakini Kiha anachokijua ni salamu, na majina ya mahali mawili matatu: Heru, Manyovu, na "kwetu juu". Kigoma hajawahi kuikanyaga.

Mwezi Juni nampeleka. Tutakuwa mjini siku nne. Siku moja nataka iwe ya gari tu: tutoke asubuhi, tupite vijijini taratibu, aone milima, migomba, mashamba na watu, tusimame anapotaka, jioni turudi kulala mjini. Hatuendi kutafuta ndugu. Hilo tumeshaongea, majina aliyonayo hayatoshi na hataki kugonga milango ya watu. Anachotaka ni kuiona nchi aliyokuwa akisimuliwa.

Nipite njia ipi? Gari ndogo inatosha? Ana goti bovu, kila baada ya saa moja lazima ashuke anyooshe mguu, na haja ndogo haimsubiri. Na huko karibu na mpaka wa Burundi hakuna shida?

Mwandiga_Juu

Dada karibu sana nyumbani, na mzee mwambie anangojwa.

Njia ni moja tu, wala usihangaike. Toka mjini, panda Mwanga, fika Mwandiga, shika barabara ya Manyovu. Mwandiga hadi Manyovu ni kama kilomita 60, lami tupu, gari ndogo inapita bila wasiwasi. Utaanzia kwenye michikichi, utaona watu wanakamua mawese kando ya barabara, kisha barabara inaanza kupanda na michikichi inapungua kidogo kidogo. Ukifika Matyazo na Kalinzi ni migomba na kahawa mpaka juu. Safu ya milima iliyoko kushoto kwako ndiyo inayoifunika Gombe, ile hifadhi ya sokwe. Iko upande wa pili, inatelemkia ziwani.

Ukifika Manyovu usirudi ulikotoka. Pitia Buhigwe utokee Kasulu, kula hapo, halafu teremka na lami ya Kidahwe hadi mjini. Mduara wote kilomita mia mbili na thelathini hivi. Mzee atakuwa ameiona Buha nzima kwa siku moja.

Chumvi_ya_Uvinza

Mimi ningempeleka Uvinza. Barabara nzuri, haina kona za kumchosha mzee, na ataona chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamezichemsha kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mbele zaidi unalikuta daraja la Malagarasi na ule mto mpana. Waha wa zamani walikuwa wanateremka kufuata chumvi kule, huenda hata babu yake babu alipita.

MzeeWaUsukani

Binti yangu, nimeendesha gari za abiria njia hizo zote hadi nilipostaafu, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Uvinza ni pazuri, sibishi, ila ni bondeni. Baba yako kasimuliwa "juu". Ukimpeleka bondeni atakushukuru kwa adabu, na moyoni atabaki na lake.

Mduara wa Mwandiga_Juu nao ni mzuri kwa kijana. Mzee mwenye goti, ukimzungusha kilomita 230 kwa siku, kumbukumbu atakayorudi nayo ni dirisha la gari. Mtaanza vizuri, saa sita mtakuwa Manyovu, halafu utaanza kuhesabu kilomita zilizobaki, na kuanzia hapo kila akisema "simama" wewe utasema "mbele kidogo". Nimewaona wengi. Halafu kipande cha Manyovu hadi Kasulu kimo kwenye ule mradi mrefu wa lami wa kilomita 260 unaoendelea mpaka Kibondo na Kabingo. Kwenye njia ya mradi usiende kwa kukisia. Ukishika njia hiyo, asubuhi hiyo hiyo pitia stendi uwaulize madereva wa Hiace waliotoka huko jana yake, wao ndio wanaojua.

Ushauri wangu: nenda Manyovu, rudi njia ile ile. Usione ni hasara. Kwenda unapanda, sura yako imetazama milima. Kurudi unateremka, na zipo kona ambapo bonde lote linafunguka mbele ya kioo. Kwa macho ni barabara mbili tofauti. Na kilomita mia moja na arobaini kwa kutwa nzima zinakuachia nafasi ya kusimama mara kumi na tano.

Jambo la pili, ambalo wageni kutoka pwani hawaliwazi. Saa ya Kigoma na ya Tanga ni moja, jua si moja. Huku liko nyuma kwa karibu dakika arobaini. Mwezi Juni linachomoza saa moja na ushee asubuhi, na jioni linazama karibu saa moja. Kwa hiyo msikurupuke saa kumi na moja alfajiri, mtapita giza na ukungu mbele ya vitu mlivyokuja kuvitazama. Ondokeni saa mbili, mshanywa chai. Jioni mnao mwanga wa kutosha.

Jaza mafuta mjini kabla ya kupanda. Dereva mtafute wa huku, anayejua kona, na mwambie mapema kabisa kwamba mzee ndiye anayeamua pa kusimama. Vinginevyo atakimbiza, ndiyo mazoea yetu.

MamaKahawa

Naunga mkono ushauri wa Mzee hapo juu. Mimi ni wa Kalinzi. Juni ni wakati mzuri, mvua imekwisha, vumbi bado si kubwa, moshi wa kuchoma majani haujaanza. Mkija Septemba milima mtaisikia tu, hewa yote inakuwa kama maziwa.

Juni pia kahawa inachumwa. Mwambie mzee ashuke aitazame kwenye vichanja. Asubuhi tunaianika, watu wanakaa pande zote mbili wanachambua kwa mkono: iliyopasuka, nyeusi, iliyoliwa na mdudu, zote zinatoka. Ukiweka kiganja juu ya zile punje mchana zina joto kama mtoto mwenye homa. Mkisalimia vizuri mtapewa viti bila kuomba.

Kuhusu haja, dada usione haya. Omba kwenye zahanati, kanisani, msikitini au nyumbani kwa mtu. Mzee hakataliwi choo Buha. Ila msalimie kwanza, na msalimie kwa ukamilifu. Salamu zetu ni ndefu, wa nyumbani, wa shambani, ng'ombe, wote wanaulizwa. Ukikatisha utaonekana una haraka, na mwenye haraka hapewi kiti.

Bebeni sweta. Ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, huku kwetu na kuelekea Manyovu mnapita 1,500. Goti la mzee litaujua huo upepo kabla yenu.

kijana_wa_Mnanila

Mpakani hakuna tatizo kwa Mtanzania, ila kila mtu awe na kitambulisho cha taifa mfukoni, mzee pia. Vizuizi vya Uhamiaji barabarani ni kawaida mkoa huu. Kamera usiielekeze kwenye geti wala kwa askari. Milima ya Burundi mtaiona vizuri tu mkiwa upande wetu, wala hamhitaji kusogea.

BintiMuheza

Asanteni sana, nimesoma kila neno nikamsomea na baba. Mzee wa Usukani, amesema "huyo ananijua". Sasa shida imebaki moja: Heru. Hilo jina ndilo babu alilitaja zaidi. Njia ya Manyovu inapita?

Mwandiga_Juu

Haipiti dada, Heru Juu iko upande wa Kasulu. Ndiyo maana nilikuletea mduara. Ndiko ilikokuwa himaya ya Heru, na mtawala wake wa mwisho maarufu alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Kama babu yako aliondoka Kasulu baada ya vita kuu ya pili, kuna uwezekano mkubwa aliondoka huyo mama akiwa ndiye Mwami.

MzeeWaUsukani

Basi usilazimishe. Una siku nne. Ya kwanza pumzika na umpeleke Ujiji, ni karibu, aione ile miembe ya mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Ya pili Manyovu. Ya tatu akae mjini, ale migebuka Kibirizi, alitazame ziwa. Ya nne Kasulu na Heru kwa lami ya Kidahwe, kwenda na kurudi. Mwandiga_Juu amesema kweli kuhusu Heru, kosa lake ni kuviweka vyote kwenye siku moja.

Mwandiga_Juu

Nimekubali, mzee.

BintiMuheza

MREJESHO. Tumerudi jana jioni kutoka Manyovu na siwezi kulala kabla sijaandika.

Tuliondoka saa mbili na nusu. Nilihesabu, tumesimama mara kumi na tisa. Kwenye michikichi baba alikuwa anaongea sana. Tulipoanza kupanda akanyamaza, nikadhani goti. Juu ya Matyazo akamgusa dereva begani, akashuka, akasimama ukingoni kaiegemea fimbo.

Chini yetu kulikuwa na nyumba, bati moja tu linaonekana, limezungukwa na migomba pande zote, na chini ya migomba maharage. Nyingine vivyo hivyo, na nyingine, mpaka bondeni. Baba akasema, "Nyumba yetu kambini ilikuwa hivi." Sikuelewa. Akanieleza kwamba babu aliizungushia migomba nyumba ya kambi, akapanda maharage chini yake, mpaka msimamizi akaja kumgombeza kwamba anafuga nyoka. Wenzake wote waliacha uwanja mweupe uliofagiwa. Baba utoto wake wote aliionea aibu nyumba ile, alidhani babu ni mchafu. Jana ndipo ameona kwamba babu alijenga kwao.

Akapita mama mmoja mtu mzima ana jembe begani. Baba akamwambia "mwakeye". Yule mama akaweka jembe chini, akamshika mikono yote miwili, akajibu, akaendelea kuuliza na kuuliza, na baba hakuelewa hata neno moja, anaitikia tu kwa kichwa machozi yanamtoka. Dereva alitaka kutafsiri, nikamzuia.

MamaKahawa, viti tulipewa. Kahawa tuliishika, na ina joto vile vile ulivyosema. Ugali wa muhogo alioula Manyovu, kwetu Tanga tunauita bada, alimaliza sahani mbili.

Sasa swali la mwisho. Ameng'ang'ania kubeba mche wa mgomba akaupande Muheza, kwenye kaburi la babu. Tunausafirishaje usife?

BwanaShamba_Buhigwe

Dada, samahani sana, mche msiubebe. Huku mnyauko wa migomba upo, na ugonjwa huo unasafiri ndani ya mche unaoonekana mzima kabisa. Mtaupeleka kwenye migomba ya majirani zenu wote. Mweleze mzee hivyo hivyo, ni mkulima, ataelewa. Mgomba achukue wa hapo hapo Muheza. Kutoka huku achukue kitu cha kula.

BintiMuheza

Nimemwambia. Alikaa kimya kidogo, akasema mgomba wa babu mwenyewe bado unachipua nyuma ya ile kambi, atachukua huo. Kwa hiyo tumebeba maharage ya njano, debe moja. Kesho Heru.