Mliowahi kuwa kwenye bendi ya jazz na washkaji, tupeane uzoefu: hela na vyombo mligawanaje?

Solo wa Kihonda
Wakuu habari za jioni. Sisi ni vijana saba hapa Moro, mkubwa wetu ana miaka 26, tuna bendi tunaiita jazz kama wazee walivyokuwa wanaita za kwao, ingawa ukweli tunapiga dansi, ile jazz ya Marekani tunaisikia tu kwenye simu. Mji wenyewe ndio huu wa bendi za zamani, Morogoro Jazz na Cuban Marimba kwa hiyo kidogo tunajisikia. Shida sio muziki. Juzi tumepiga harusi tukalipwa laki mbili na arobaini, mwenye ampilifaya akasema achukue mafungu mawili maana chombo ni chake, mwimbaji akamuuliza kwani watu walikuja kusikiliza ampilifaya? Tumerudi na bajaji mbili hakuna anayeongea na mwenzake. Mliopitia haya mlifanyaje?

Rizim Mstaafu
Vijana wangu, enzi zetu ugomvi huo haukuwepo kwa sababu hakuna aliyekuwa na chombo. NUTA Jazz ilipoanzishwa 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, vyombo vyao, mwanamuziki ni mwajiriwa anangoja mwisho wa mwezi. Mimi nimekuja baadaye, miaka ya themanini, bendi nyingine, lakini mtindo ule ule, gitaa unalikuta ukumbini unaliacha ukumbini. Nyumbani nilikuwa na ubao nimechora nyuzi sita kwa mkaa, ndio nafanyia mazoezi ya vidole, mke wangu alidhani nimerogwa. Uzuri wake hakuna wa kumringia mwenzake. Ubaya wake ukikosana na uongozi unatoka mikono mitupu, na kabla hujafika kwenu bendi jirani imeshakutumia mtu. Tuliibiana wapigaji kama timu za mpira. Solo wetu, yule wa gitaa la kuongoza, aliondoka Alhamisi, Jumamosi nikapita ukumbi wa pili namsikia anapiga vipande vile vile tulivyotunga wote. Niliumia ila nililipa kiingilio nikaingia kucheza. Hata Mbaraka Mwinshehe, yule mwimbaji na mpiga gitaa, alikwenda na Morogoro Jazz mpaka Osaka kwenye maonyesho ya 1970, na 1973 akatoka akaanzisha Super Volcano yake. Sasa nyie na ampilifaya moja mnashangaa nini.

Tarumbeta la Kilutheri
Shikamoo mzee. Kwetu haikuwa hela, ilikuwa shapu, zile alama za kupandisha nota nusu, zikiwa nyingi vidole vinahangaika 😂 Mimi nimetokea matarumbeta ya kanisani Moshi, nasoma nota, wenzangu wote wanapiga kwa sikio. Wapiga gitaa wanapenda A na E kwa sababu nyuzi zimekaa vizuri, sasa tarumbeta langu ni la B flati, nota zake naziandika sauti moja juu ya za gitaa, wao wakipiga A mimi napiga B, shapu tano, wakienda E mimi shapu sita, nikikosea wanasema huyu wa kanisani hana ladha. Miezi minne nanyamaza nikidhani mimi ndio mbovu. Siku moja mpiga besi akaniuliza tu, kwani wewe unapenda wapi? Nikasema F na B flati. Solo akanuna, akaenda kununua kapo, kile kibanio cha shingo ya gitaa, akaibana kwenye freti ya kwanza, mikono yake ikabaki pale pale A na E ila sauti ikapanda nusu, basi. Kumbe kukosa kapo tu ndiko kulikuwa kunatutenganisha na kula pamoja.

Drams Kavu
Sisi tulikuwa tunafanyia mazoezi stoo ya mahindi, mjumbe akaja mara tatu, mara ya nne akaja na tumba lake. Sina la kuongeza.

Besi wa Likoni
Mie ni dada, nlikuwa napiga besi kwenye bendi ya hoteli huku Pwani. Wageni walikuwa waomba wimbo ule ule kila usiku mpaka vidole vyajua njia vyenyewe. Mamangu alikataa katakata, msichana arudi saa nane za usiku na wanaume wanne? Basi kila Ijumaa yule wa solo alikuwa aja nyumbani, aketi barazani, apewa chai, amuomba mama ruhusa upya kama aposa. Mwaka mzima wallahi. Ndo maana solo alipokosa kodi tulimpa zamu yetu ya malipo bila mtu kuuliza. Kuhusu vyombo, sisi tulihesabu watu watano tukagawa mafungu sita, la sita ni la vyombo, nyuzi, jeki za waya, kutengeneza. Mwenye chombo chake akilipwa pole pole mpaka chombo kiwe cha bendi.

Solo wa Kihonda
Dada wa Likoni ubarikiwe. Nimewasomea wenzangu hapa, tumepiga hesabu, mafungu nane ni elfu thelathini kila mtu na thelathini ya vyombo. Mwimbaji kakubali palepale. Mwenye ampilifaya kauliza je ikiungua kabla haijamaliza kulipwa hasara ya nani, na hapo ndipo tumekwama tangu saa kumi, ila angalau tunaongea. Jumamosi tuna kitchen party Mazimbu, nitaleta mrejesho. Mwenye nyuzi za besi anazouza hata zilizotumika aje inboksi.