Silikoni imepanda kwenye giaboksi ya konveya

Wadau, giaboksi ipo Industrial Area, oili VG 220 (daraja la unene wa oili). Ripoti ya maabara: silikoni ndani ya oili imeruka kutoka 12 hadi 48 ppm (sehemu kwa milioni), chuma palepale. Nimwage oili yote?

— Usimwage bado, ndugu. Sampuli ulitoa wapi? Ukichota kwenye nati ya kumwagia unaokota matope yaliyotulia chini. Chota katikati ya kina, oili ingali moto, mrija mpya, chupa ifunguliwe dakika ya mwisho.

— Tazama alumini pia. Ikipanda pamoja na silikoni, hilo ni vumbi: kagua kipumulio (tundu la hewa la giaboksi) na sili ya shafti. Isipopanda, shuku gundi ya gasketi, nayo huwa na silikoni.

— Kumbe! Kifuniko kilipakwa gundi wiki jana. Nachota upya kesho.