Naombeni msaada kutambua okidi ya bondeni, Rungwe

Habari zenu wakuu na wajuzi wa mimea. Nipo Rungwe, Mbeya. Kwenye bonde la nyasi lenye majimaji, pembeni kabisa mwa msitu, kumechanua okidi ambayo sijaipatia jina.

Shina linafika magotini, maua ya waridi yamebanana juu. Kila ua lina kofia, na nyuma ya kofia vinaning'inia vimkia viwili vyembamba. Hapo ndipo nilipoiondoa Disa (jenasi nyingine ya okidi), maana Disa huwa na kimkia kimoja tu. Nadhani hii ni ya jenasi ya Satyrium. Kinachonichanganya ni majani: shina lenye maua lina magamba tu yaliyolikumbatia, ila pembeni yake kuna chipukizi jingine lenye majani mapana, halina ua hata moja. Mwenzangu anasema ni Satyrium neglectum. Mimi bado nasita, kwa sababu Satyrium za waridi huku kwetu si moja.

Nimeshapiga picha kwa mbele na ubavuni. Kuing'oa sitaki, viazi vyake vinachimbwa vya kutosha kupelekwa Zambia kwa ajili ya chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi vya okidi.

Naomba kujua:
Je, hilo chipukizi la pembeni linatosha kuitenganisha na ndugu zake, au nipime pia urefu wa vimkia?
Na kwa waliozoea kutembea Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, mnaikuta kwenye majimaji hivi au kwenye nyasi kavu?

Picha nitaziweka hapo chini. Natanguliza shukrani.