Mkeka wa "kuzuia stetiki" niliouziwa Mwanjelwa ni mpira mtupu, nimepigwa!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina hasira na nina mkeka wa shilingi 45,000 ambao hata wa kufutia miguu haufai, unateleza.

Mimi ni fundi simu na laptop hapa Mbeya. Wa huku mnaijua Juni mpaka Agosti: baridi, hewa kavu, vumbi, kila mtu kajifunga sweta la mtumba na koti la nailoni. Usiku ukivua sweta gizani unasikia tatata na cheche unaziona: hiyo ndiyo stetiki, umeme tuli wa kusuguana. Watoto wanacheka. Mimi sicheki, maana mwezi huu nimebadilisha vioo viwili vya simu, vyote vipya, vimewaka mistari hata kabla sijafunga skrubu. Nimelipa mfukoni mwangu.

Kwa wasioelewa: ukihisi kale kashoti ka kitasani, ujue mwili ulibeba volti kama 3,000. Chipu nyingine zinakufa kwa volti zisizofika 100. Kwa hiyo unaiua na mkono hausikii kitu. Mbaya zaidi ni ile isiyokufa papo hapo. Inajeruhiwa, mteja anaondoka anashukuru, baada ya wiki mbili anarudi na shangazi yake kukutukana.

Ndiyo nikaenda duka moja hapo sokoni (jina naliacha, sitaki kesi) nikanunua mkeka wa bluu wa kutandika mezani na kamba ya mkononi, vyote vya kushusha chaji ya mwili ardhini. Muuzaji kaapa ni "orijino, ya antistetiki". Vioo vikaendelea kufa. Nikaweka mita yangu ndogo juu ya mkeka, ikaonyesha 1, haisomi. Nikamrudia. Akanijibu kwa dharau: "Fundi, mita yako haifiki huko." Na hapo, nikubali, hakukosea. Mkeka mzuri unaweza kuwa na ukinzani (ugumu wa kupitisha umeme) wa omu milioni kadhaa hadi bilioni 1, mita ya shilingi elfu kumi haifiki huko.

Basi nikaazima mega kwa fundi umeme, ile mita ya kupimia insulesheni. Mama mmoja wa mchele akaniazima mawe mawili ya mizani, ya kilo moja moja, nikayaweka juu ya mkeka, kila jiwe na waya wake. (Mama kanitazama kama nimerukwa na akili.) Mega, volti 500: mshale umeenda mwisho kabisa, yaani mkeka haupitishi chochote. Nikapima mkeka mweusi wa zamani wa rafiki yangu wa Uyole, ule wa mpira uliochanganywa masizi ya kaboni: megaomu (omu milioni) 40 na kitu. Huo ndio mkeka! Uko katikati, si kama waya na si kama plastiki. Chaji inashuka pole pole kwenda kwenye waya wa ethi, ule wa ardhini, lakini "pole pole" hapo ni sehemu ndogo tu ya sekunde. Mpira wangu wa bluu unaikalia chaji kama kuku anayeatamia. Ukiusugua kwa kitambaa, wenyewe unaokota vipande vya karatasi! Nimeuziwa ugonjwa kwa bei ya dawa.

Sasa kamba ndiyo ingeniua kweli. Kamba halali ina rezista (kipunguza umeme) ya megaomu 1 ndani. Ukigusa umeme wa volti 230 kwa bahati mbaya, inapita kama miliampea 0.23 tu, hata husikii. Nimeipasua yangu: waya mtupu kutoka mkononi hadi ethi. Na mimi hufungua chaja zikiwa kwenye soketi! Nilipompelekea muuzaji, kaniambia nibadilishe nichukue ile "isiyo na waya". Isiyo na waya! Chaji itashukia wapi, kaka, angani?

Pesa hajarudisha mpaka leo. Anasema mzigo umetoka Dar, nimlaumu aliyemletea.

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza kwa nini nisitandike bati niachane na kelele: bati linapitisha mno. Chipu yenye chaji ikiligusa, yote inatoka kwa mpigo mmoja, na mpigo huo ndio unaochoma. Halafu bodi yenye betri ukiilaza juu ya bati unajitafutia shoti nyingine.

Mega ninayo mpaka Jumamosi. Fundi yeyote wa Mwanjelwa, Kabwe, Soweto mwenye mkeka wa bluu kama wangu aje nao tuupime, bure. Mawe ya mizani lazima niyarudishe kabla ya saa kumi, mama ana wateja.