Misaada ya kimbunga vijijini: wanaojitolea wapeleke vyakula wenyewe, au watoe fedha?

Mwanzisha Mada
Ndugu zangu, kila msimu wa vimbunga unapokaribia hurejea kwenye swali linalonisumbua tangu Machi 2019, Kimbunga Idai kilipoupiga mji wa Beira, Msumbiji, nilikokuwa nikiishi. Kikundi chetu cha kujitolea kilichangishana, kikakodi lori, na barabara ilipofunguka tukapeleka unga, maharage, chumvi na sabuni katika vijiji vya Nhamatanda. Tulipofika, magunia ya chini yalikuwa yamelowa na unga umeshikana kama udongo wa mfinyanzi. Maharage tuliyapima kwa kikombe cha plastiki. Mama mmoja aliyapokea kwenye pindo la kapulana, yaani kitenge alichojifunga, na chumvi tukammiminia kiganjani kwa kuwa mifuko ilikuwa imekwisha. Waliokuwa mwisho wa foleni waliambulia sabuni peke yake. Je, tulifanya vyema kwenda wenyewe, au fedha zile zingewafaa zaidi wangepewa mkononi?

Kalamu ya Hesabu
Ungeanza kwa kutueleza kodi ya lori ilikula kiasi gani cha mchango. Mahali ambapo soko limeanza kusimama tena, fedha humnunulia mtu anachokikosa yeye, na muuza unga wa jirani naye anapona. Wenyeji wa Msumbiji wanaielewa habari hii: mitumba wanaiita *calamidade*, yaani maafa, kwa sababu nguo hizo ziliingia kama misaada wakati wa vita, katika miaka ya 1980. Jina limebaki, na nguo zenyewe siku hizi zinauzwa sokoni.

Mwamba wa Pwani
Soko lipi, ndugu yangu? Idai kilizamisha zaidi ya hekta 700,000 za mazao, mahindi yakiwa karibu kuvunwa, na barabara zikakatika. Noti haitafunwi. Isitoshe, tusifichane: mpe mwanakijiji fedha leo, kesho utamkuta kilabuni.

Binti Mkulima
Hoja ya barabara nimeiona na huenda ina uzito, lakini sentensi ya mwisho imenikwama kooni. Upepo ulipoezua nyumba yetu nikiwa darasa la nne, msaada wa kwanza kutufikia ulikuwa fedha alizotuma shangazi. Mama alinunua misumari, debe la mahindi ya mbegu, kisha daftari langu, kwa mpangilio huo huo. Wewe mwenye mshahara wa mjini, nani hukukagua unakoupeleka siku ya Ijumaa?

Mwamba wa Pwani
Dada, sikumtaja mama yako. Nasema niliyoyashuhudia mwenyewe kule kusini, mwaka ule ule, baada ya Kimbunga Kenneth kuipiga Pemba.

Mkarafuu
Pemba ipi? Tafadhali tuandike kwa uangalifu. Kenneth kilipita Komoro, kikaingia mkoa wa Cabo Delgado tarehe 25 Aprili 2019, kaskazini mwa mji wa Pemba ulioko Msumbiji, na kisiwa kilichobomolewa karibu chote ni Ibo. Sisi wa kisiwa cha Pemba tulinusurika hata mwaka 1872, kimbunga kilipoifyeka mikarafuu ya Unguja. Mwaka 2019 shangazi yangu alipokea simu za pole wiki nzima huku paa lake likiwa salama.

Mwamba wa Pwani
Haya, mji wa Pemba. Mpeni pole shangazi kwa pole alizopewa. Hoja yangu haibadiliki kwa jina la mahali.

Kalamu ya Hesabu
Inabadilika kwa mantiki, ndugu. Anayetaka kulewa atauza gunia la unga na bado atalewa, tena kwa hasara, kwa sababu ataliuza nusu bei.

Mlinzi wa Zamu
Mnashindana gunia na noti, na hakuna aliyemtaja mwenye daftari la majina. Aprili 2019 shirika la Human Rights Watch liliripoti kwamba baadhi ya viongozi wa mitaa waliwadai fedha walioathiriwa na Idai ili waandikwe kwenye orodha ya msaada, na wanawake wasiokuwa na fedha wakalazimishwa kutoa miili yao ili wapate mfuko wa mchele. Hapo mkipeleka unga mnamkabidhi mtu yule yule, na mkipeleka fedha mnamkabidhi mtu yule yule.

Mwanzisha Mada
Ndugu Mlinzi, umenigusa penye jeraha. Orodha yetu tuliipokea kwa katibu wa mtaa na hatukuihoji. Wajane wawili walisimama kando ya lori bila kusema neno, nasi tukawapa cha kwao baada ya foleni kuisha. Kama tusingekwenda wenyewe, nani angewaona? Ndiyo sababu siwezi kukubali kwamba lori lilikuwa hasara tupu.

Binti Mkulima
Mliwaona wawili waliokuwa na miguu ya kufika barabarani. Mliuliza nani amebaki ng'ambo ya maji? Lori lilikaa kijijini kwa muda gani?

Mwanzisha Mada
Saa mbili na nusu. Dereva alitaka kurudi kabla ya giza kuingia.

Binti Mkulima
Ahsante kwa kusema kweli. Na Ndugu Mwamba, bado naisubiri sentensi yako ya kilabuni uifute.