DD 214 yangu haionyeshi Afghanistan wala nishani: nianzie wapi?

DerevaWaMalori

Habari zenu maafande, mlio kazini na mliotoka zamani.

Nilijiunga na Jeshi la Nchi Kavu la Marekani mwaka 2009 nikiwa na grini kadi. Kazi yangu ilikuwa 88M, dereva wa malori. Oktoba 2010 nilitolewa kwenye kombania yangu nikaazimwa kikosi kingine kilichopungukiwa na madereva, tukapelekwa Afghanistan. Makao yetu yalikuwa Bagram hadi Septemba 2011. Niliporudi nikaolewa, nikachukua jina la mume wangu, na mwaka 2013 nikatoka kwa heshima nikiwa sajini.

Juzi nimeitoa DD 214, ile karatasi ya kutoka jeshini, kwenye faili kwa ajili ya madai ya VA, Idara ya Maveterani. Daktari anasema nina pumu, na wale mliopita Bagram mnalijua lile shimo la kuchomea taka. Kumbe kisanduku cha 12f, utumishi wa ng'ambo, kimejaa sifuri tupu. Kisanduku cha 18 hakina hata herufi moja kuhusu Afghanistan. Kwenye 13 wameandika nishani ya Ulinzi wa Taifa, ile ya Vita Dhidi ya Ugaidi, na utepe wa Jeshi anaopewa kila mtu akimaliza mafunzo. Basi. Nishani ya Kampeni ya Afghanistan haipo, ya NATO haipo, utepe wa ng'ambo haupo, na ARCOM, nishani ya pongezi ya Jeshi niliyobandikwa kifuani mbele ya platuni nzima, haipo. Ukiisoma karatasi hiyo utadhani safari pekee niliyowahi kufanya ni ile ya kutoka Nairobi kuja huku.

Nilisaini mwenyewe kwenye kisanduku cha 21. Je, hiyo sahihi imenifunga? Na kuna swali la pili: msafara wetu uliwahi kulipuliwa kisha tukashambuliwa kwa risasi, wenzangu wawili wakapewa CAB, beji ya waliokutana na adui vitani, mimi sikupewa. Naweza kuidai humo humo?

Kamanda_Mstaafu

Dada, usihangaike. Jaza DD 149, fomu ya kuomba kurekebishiwa kumbukumbu, upeleke moja kwa moja kwenye Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu. Huku chini watakuzungusha tu. Na kama una uwezo tafuta wakili, kuna kampuni zinafanya hayo kwa asilimia ya malipo yako.

KaraniWa42A

Afande Kamanda, nakuheshimu, ila hapo umempeleka dada Mahakama ya Rufaa kabla ya kesi kusikilizwa. Nilikuwa 42A, karani wa masuala ya wanajeshi, na hizi karatasi ndizo nilizokuwa nikizila asubuhi na jioni. Ngoja nieleze, mtanisamehe urefu.

Bodi, kwa Jeshi la Nchi Kavu inaitwa ABCMR, ni ngazi ya mwisho. Kanuni yake inataka uwe umemaliza njia za kawaida za kiutawala kwanza. Ukiruka, ombi linarudi. DD 149 ina muda wake pia: miaka mitatu tangu ulipoligundua kosa, ingawa bodi inaweza kusamehe kuchelewa ikiona haki inadai hivyo. Iweke kando. Unaweza usiihitaji kabisa.

Kosa lako ni la aina inayosahihishwa mezani. Umetoka baada ya Oktoba 2002, kwa hiyo faili lako ni la kielektroniki, liko iPERMS, mfumo wa Jeshi wa kutunza mafaili, na wenye mamlaka nalo ni HRC, kamandi ya Jeshi ya rasilimali watu, Fort Knox, Kentucky. Unawaandikia barua, unaambatanisha ushahidi, nao wakiridhika wanatoa DD 215. Hiyo ndiyo karatasi ya masahihisho. DD 214 ya zamani haifutwi wala haichapwi upya kwa jambo kama hili. 215 inakwenda nayo sambamba, na utakuwa unazitoa zote mbili kila unapoulizwa. Sahihi yako haikufungi. Ulisaini kwamba umeiona, hukusaini kwamba karani hakosei.

Kwa nini ilitokea? Nakisia, lakini nimeiona mara nyingi. Ulipoazimwa, kikosi kilichokwenda na wewe hakikuwa kinashika faili lako, na kikosi kilichoshika faili hakikwenda. Karani wa kituo ulichotokea alichapa alichokiona kwenye mfumo. Amri ya kukutuma ilikuwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine.

Sasa sikia, hapa ndipo watu wengi wanapotea. Vitu unavyodai ni vya aina mbili, na ushahidi wake haufanani.

Nishani ya Kampeni ya Afghanistan haihitaji mtu yeyote kukupendekeza. Ulikuwepo siku 30 mfululizo, au 60 za kudunduliza, umeipata. Kwa hiyo ukithibitisha tarehe na nchi, kisanduku cha 12f, cha 18 na nishani hiyo vinakwenda pamoja. Tena dai nyota zako, vile vinyota vya kubandika kwenye utepe wa nishani, kimoja kwa kila awamu ya kampeni. Awamu iliyoitwa Consolidation III ilianza 1 Desemba 2009 ikaisha 30 Juni 2011, na Transition I ikaanza 1 Julai 2011. Wewe ulikuwepo pande zote mbili za mpaka huo, kwa hiyo ni nyota mbili za shaba. Zitaje kwa jina la awamu, usiwaachie wakufanyie hesabu.

ARCOM ni jambo jingine. Hiyo mtu aliandika DA 638, fomu ya kupendekeza nishani, kamanda akaidhinisha, ikatoka amri ya kudumu yenye nambari. Kubandikwa kifuani hakutoshi, hata platuni nzima ikishuhudia. Wanataka nambari ya amri. Tafuta cheti chenyewe, DA 4980-14. Mwishoni huwa na nambari ya amri na tarehe. Ukikosa cheti, mtafute aliyekuwa sajini wako wa platuni, makarani wa vikosi na masajini ndio watu wasiotupa 638.

Kuhusu ushahidi wa kutumwa: amri ya kutumwa yenyewe ndiyo bora. Ukiikosa, fuata hela. Hati zako za mshahara za miezi ile zitaonyesha posho ya hatari, dola 225 kwa mwezi, na kwamba mshahara haukukatwa kodi ya mapato. W-2, hati ya mwaka ya mshahara na kodi, ya mwaka 2011 itakuwa na herufi Q kwenye kisanduku cha 12, hayo ni malipo ya vitani yasiyotozwa kodi. Lakini kuna mtego: Kuwait nayo miaka ile ilikuwa inalipiwa posho hiyo hiyo na msamaha huo huo wa kodi. Hela inathibitisha siku, haithibitishi nchi. Lazima uwe na karatasi nyingine inayotaja Afghanistan kwa jina: tathmini yako ya kazi, hati ya madai ya safari, maelezo ya ile ARCOM, chochote cha serikali.

CAB usiitie kwenye bahasha hii, nakusihi. Beji hiyo inataka uthibitishe kwamba ulikuwepo wewe binafsi na ulishambuliwa au ulipigana na adui. Inahitaji maelezo ya mashahidi yaliyosainiwa, na ikiwezekana ripoti ya tukio. Wenzako wawili waliopewa ndio mashahidi wako, amri zao zinataja siku hiyo hiyo. Ni ombi lake lenyewe. Ukiyachanganya maombi hayo, lile rahisi litalisubiri hili gumu.

Na ile habari ya asilimia ya malipo, dada, kimbia. Kumsaidia askari wa zamani kuandaa dai lake la kwanza la VA hakutozwi pesa kisheria. Mashirika ya maveterani yana wawakilishi walioidhinishwa na VA wanaofanya bure, na kaunti nyingi zina afisa wake.

Kamanda_Mstaafu

Nimekubali kurekebishwa, karani. Mimi bodi nilienda kwa jambo la cheo, ndiyo maana.

DerevaWaMalori

Karani, ubarikiwe. Nimepindua nyumba wikendi hii.

Cheti cha ARCOM kipo, nambari ya amri inasomeka vizuri, ila kina jina langu la usichana. Aliyekuwa akinijazia kodi alikuwa na W-2 zangu zote, na ya 2011 ina hiyo Q. Amri ya kutumwa sina. Tathmini sikuwa nazo wakati ule kwa sababu nilikuwa bado spesho, cheo cha chini ya sajini kisichoandikiwa tathmini, sajini nilipata baadaye. Hati ya safari sikumbuki hata kuijaza, kuna mtu alitujazia sote.

Kwa hiyo siku ninazo, nchi sina. ARCOM inasema tu "kwa utumishi uliotukuka katika operesheni," bila kutaja mahali.

Mama_Kapteni

Nimekuwa nasoma kimya. Dada, umesema uliingia na grini kadi. Uraia uliapia wapi?

DerevaWaMalori

Bagram! Tulikuwa wengi, watu wa USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, walikuja, tukaapa tukiwa na buti za vumbi, halafu nikarudi zamu.

Mama_Kapteni

Basi ushahidi wako umeutundika ukutani. Cheti cha uraia huandikwa mahali na tarehe ya kiapo. Ni karatasi ya serikali ya Marekani inayosema kwamba siku fulani ya mwaka 2011 ulikuwa Afghanistan. Iweke pamoja na W-2. Mmoja anasema wapi, mwingine anasema muda gani.

KaraniWa42A

Mama Kapteni amenizidi ujanja leo. Miaka yote niliyokaa dawatini sikuwahi kufikiria cheti cha uraia.

Nakala yake piga kwa ajili ya shughuli hii tu, na asili yake isitoke nyumbani. Vivyo hivyo kwa kila kitu: HRC unapeleka nakala.

Bado W-2 inatoa mwaka, haitoi mwezi, na wewe unataka Oktoba 2010 hadi Septemba 2011. Omba hati za mshahara za miezi hiyo kwa DFAS, ofisi ya malipo ya majeshi. MyPay, tovuti yao ya mishahara, haiwezi kukusaidia tena, akaunti ya aliyetoka hufungwa baada ya mwaka na kidogo. Pia ombeni faili zima la iPERMS. Usishangae ukikuta amri imo humo, imewekwa kwenye folda isiyo yake.

Jina: ambatanisha nakala ya cheti cha ndoa, na kwenye sentensi ya kwanza ya barua taja majina yote mawili. Mhakiki akiona ARCOM ya mtu mwenye jina tofauti na lililo kwenye DD 214, ataiweka pembeni, na hana kosa.

Barua iwe ukurasa mmoja. Andika kisanduku, kinasemaje sasa, kinatakiwa kisemeje, na karatasi gani inathibitisha. Kisanduku cha 18: nchi na tarehe za kuingia na kutoka, mwaka ukitangulia kama wanavyoandika wao. Usisimulie vumbi wala baridi ya Bagram. Anayesoma ana rundo mbele yake na anatafuta nambari.

Jambo la VA usilisubirishe. Sheria ya PACT iliyosainiwa Agosti 2022 inaihesabu pumu iliyogunduliwa baada ya utumishi kuwa imetokana na moshi ule kwa aliyehudumu Afghanistan tangu 11 Septemba 2001, na VA inapima ushahidi wa utumishi kwa macho yake yenyewe. Haihitaji DD 215 iwe imetoka. Jaza leo 21-0966, tangazo la kusudio la kudai. Inakushikia tarehe yako kwa mwaka mmoja. Halafu W-2, hati za mshahara na cheti cha uraia wapelekee wao pia.

DerevaWaMalori

21-0966 nimeituma jana usiku. Barua naandika. Swali dogo: nishani zenyewe, vile vyuma, nitazipata nazo?

KaraniWa42A

Baadaye. Rekodi kwanza, chuma kitafuata. DD 215 ikishatoka unaziomba kupitia Kituo cha Kumbukumbu za Wanajeshi, St. Louis, kwa fomu SF 180 au kwenye tovuti yao. Wewe mwenyewe hulipi.

Na kama ARCOM isingekuwa imewahi kuidhinishwa, yaani iliishia kuahidiwa tu, safari ingekuwa tofauti. Pendekezo lililochelewa miaka yote hiyo linapitia kwa mjumbe wa Congress, kifungu cha 1130 cha sheria ya majeshi. Wewe una nambari ya amri, huko hukuhusu. Naandika kwa wengine wanaosoma.

BahariaMkongwe

Samahani kuingilia. Mimi ni Jeshi la Majini, Ghuba mwaka 1991. Nishani ya Kusini Magharibi mwa Asia haimo kwenye DD 214 yangu. Nami niende Fort Knox?

KaraniWa42A

Hapana mzee wangu, kila jeshi lina mlango wake. Masahihisho ya Majini hushughulikiwa na Kamandi ya Watumishi wa Jeshi la Majini, Millington, Tennessee. Jeshi la Anga ni Randolph, Texas. Kwako, kama ulitoka miaka ile ile, faili lenyewe ni la karatasi na liko St. Louis, kwa hiyo anza na SF 180, uombe faili zima, usiombe DD 214 peke yake. Humo tafuta tathmini zinazotaja meli yako na miezi yake. Vitabu vya sitaha vya meli viko Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, vitaonyesha meli ilikuwa wapi siku gani. Havitaji mabaharia waliokuwamo, ndiyo maana tathmini inatangulia. Ulikuwa meli gani, na ulitoka mwaka gani?