Taiming belti imekatika, naomba ushauri kabla sijafunga mpya

Habari zenu wakuu. Gari langu lilizima ghafla nikiwa mwendoni. Nilipiga stata mara mbili, injini ikazunguka nyepesi mno, na hizo mara mbili ndizo zinaninyima usingizi. Nimefungua kava nikakuta mkanda huo wa taiming (unaozungusha kemshafti kwa kufuata krenki) umekatika, meno kadhaa yamenyofoka. Injini ni ya silinda 4, kemshafti (kemu, shafti inayofungua valvu) moja. Mkanda mpya, tenshena (kikaza mkanda) na wota pampu ninavyo. Alama ya kemu imehama. Tangu nifungue kava sijazungusha kitu, naogopa valvu zisigonge pistoni.

Naombeni msaada: nirudishe krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) nyuma nyuzi 90 kutoka kwenye alama ndipo niguse kemu? Na nikishafunga mkanda, kupima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kunatosha kujua kama valvu zimepinda, au lazima nifungue silinda hedi (kichwa cha injini chenye valvu)?